SOMO LA LEO: Spika ya Zamani Inakoroma? Usifungue Skrubu Kabla Hujabadilisha Waya

Leo naongea na watu wa spika: mnaouza za mtumba, mnaotengeneza, na nyie mnaonunua pea moja moja kwenye kontena mkaja kuuza mtaani kwa faida kidogo. Kama unauza mchele au nguo unaweza kusoma pia, maana hasara nitakayosimulia haikuwa ya spika peke yake.

Nina kibanda cha ufundi Buguruni. Redio nafanya, amplifaya nafanya, ila miaka hii spika za zamani ndizo zinanilisha. Zile za mbao, nzito, za miaka ya 70 na 80, wufa kubwa chini na twita juu. Watu wameanza kuzichoka hizi za plastiki zenye taa za rangi, wanataka spika ya kukaa sebuleni na kusikiliza. Na nyingi zinazofika kwangu zina lalamiko moja: "Fundi, inakoroma."

Miaka michache nyuma alikuja mzee mmoja kutoka Mbagala, ameleta spika moja kwa bodaboda, ameikumbatia kama mtoto. Zilikuwa mbili ila hakuweza kuzibeba zote. Za Kijapani, njia tatu, wufa ya inchi 10. Marehemu baba yake alikuwa baharia, alizileta mwenyewe kwa meli. Mzee akaniambia, "Kijana, hii ya kushoto inakoroma. Ajabu yake nikipandisha sauti inaacha, nikishusha inarudi."

Hayo maneno yake ya mwisho sikuyasikiliza. Nimeyakumbuka baadaye.

Nikaiunga kwenye kile kiamplifaya changu kidogo cha mezani, nikaweka muziki wenye besi, nikapandisha. Ikakoroma kweli. Nikamwambia, "Mzee wangu, wufa imekwisha." Nikamtafutia wufa nyingine ya inchi 10, 60,000, ufundi 25,000, jumla 85,000. Alilipa bila kubishana. Ile wufa ya zamani niliitupa kwenye pipa la chakavu, na jioni nikaiuza pamoja na vyuma vingine. Kwa sumaku ile nadhani sikupata hata 3,000.

Baada ya siku nne akapiga simu. Bado inakoroma, vile vile, na sasa hata sauti haifanani na mwenzake.

Nilienda hadi kwake. Nikazima amplifaya, nikahamisha waya: wa kushoto nikaupeleka kulia, wa kulia kushoto. Nikawasha. Mkoromo ukahamia spika ya kulia, ambayo haijawahi kuguswa na mtu. Pale pale nilijua. Spika haikuwa na tatizo tangu mwanzo. Ugonjwa ulikuwa kwenye amplifaya yake.

Mzee hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ile wufa ya baba iko wapi?"

Sasa twende kwenye somo.

JAMBO LA KWANZA, HAMISHA WAYA

Hili ni la bure na linachukua dakika mbili. Zima amplifaya kwanza, usihamishe waya ikiwa inawaka, ncha zikigusana unaweza kuiua. Badilisha waya za spika kushoto na kulia, washa, sikiliza.

Kama spika ile ile inaendelea kukoroma, basi tatizo ni la spika au waya wake. Kama mkoromo umehamia spika ya pili, spika zote ni nzima na unatakiwa kurudi nyuma. Sasa rudisha waya za spika kama zilivyokuwa, halafu hamisha zile zinazoingia kwenye amplifaya kutoka kwenye simu, redio au CD. Mkoromo ukihama tena, tatizo liko kwenye chanzo cha muziki au kebo yake. Ukibaki pale pale, ni amplifaya.

Mteja akileta spika moja, mwambie alete na ya pili. Ikiwezekana alete na amplifaya anayotumia. Najua wengine mtasema utamfukuza mteja. Mimi namwambia wazi kwamba sitaki kula hela yake bure, na karibu wote wanarudi na mzigo wote.

MUULIZE INAKOROMA VIPI

Hapa ndipo niliposhindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wateja wetu wanaita kila kitu "kukoroma", wewe fundi lazima utofautishe.

Kuna mvumo unaosikika hata muziki ukiwa umezimwa, mmmmm, umetulia. Huo hautoki kwenye spika. Spika haina umeme wake, inatoa kile inacholetewa. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo ndio huo. Angalia kebo ya kuingiza muziki, waya wa eathi, au kepasita kubwa za pawa ndani ya amplifaya ambazo kwa miaka 40 zimekauka.

Kuna mkoromo unaokuja kwenye besi tu na kuongezeka kadiri unavyopandisha sauti. Huo mara nyingi ni kitu kinachotikisika au kinachogusana, ndani ya wufa au kwenye boksi. Lakini pia inaweza kuwa amplifaya ndogo inayolazimishwa. Ikifika mwisho wa nguvu zake, vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa, na unasikia ukali na mkoromo hata kama spika ni mpya kabisa. Ndicho kilichonidanganya siku ile. Kiamplifaya changu kilikuwa kinalia kwa kuzidiwa, mimi nikaisingizia wufa ya watu. Na muziki uliokatwa hivyo ndio unaounguza twita, kwa hiyo mteja anayeunguza twita kila mwezi usimuuzie twita ya nne, muulize anatumia amplifaya gani na anaipandisha hadi wapi.

Halafu kuna huu wa mzee wa Mbagala: unakwaruza sauti ikiwa chini, ukipandisha unapotea. Kitu kilichopasuka hakiwezi kupona kwa kupigwa zaidi. Mkoromo wa namna hii ni wa mguso mchafu mahali fulani, umeme mdogo haupiti vizuri, umeme mkubwa unalazimisha njia. Kwenye amplifaya za zamani mshukiwa wangu wa kwanza ni rilei ya spika, kile kiboksi kidogo kinachopiga "tik" sekunde chache baada ya kuwasha. Ndani yake kuna vijisahani viwili vinavyogusana, na vikishaungua na kushika kutu ya juu juu, upande mmoja unaanza kukwaruza au kupotea. Mwingine ni nobu ya volyumu au swichi ya kuchagua spika A na B. Zungusha nobu na kubonyeza swichi taratibu huku muziki ukipigwa chini. Sauti ikikatikakatika unapogusa, umeshampata.

Ya mzee ilikuwa rilei. Nilibadilisha nyingine yenye volti zile zile na uwezo ule ule wa ampea, kazi ya nusu saa. Ingemgharimu chini ya robo ya zile 85,000.

UKISHAJUA NI SPIKA, ANZA NJE

Nimeshafungua spika nzima kumbe kilichokuwa kinalia ni nembo ya chuma ya kampuni iliyolegea mbele. Toa ule uso wa kitambaa, piga muziki bila huo. Kaza skrubu zote za wufa, kwa kuzungukia upande huu na upande wa pili, usikaze moja hadi mwisho, na usitumie nguvu nyingi maana mbao ya chipsi inakatika meno. Angalia sahani ya nyuma ya kuunga waya.

Kwenye simu pakua programu ya bure ya kutoa mlio wa sauti moja. Anza hezi 30, panda taratibu hadi 200, sauti ndogo tu. Kuna mahali mkoromo utalipuka. Simamisha hapo hapo, kisha weka kiganja sehemu moja moja: upande wa boksi, mgongo, fremu ya wufa. Ukibonyeza mahali ukanyamaza, umemaliza kazi. Tena angalia na vitu vya chumbani. Kioo cha kabati la vyombo kinajua sana kukoroma kwa sauti ya spika!

Spika nyingi za sebuleni za zamani ni boksi lililozibwa kabisa, mtindo ulioanzia Marekani mwaka 1954 na AR-1 ya Edgar Villchur. Hewa ya ndani ndiyo spring ya wufa. Ukisukuma koni ndani taratibu na kuachia, inatakiwa irudi polepole kidogo. Ikirudi paa, hewa inavuja, na pale inapovuja panaweza kutoa mlio wa kupuliza unaofanana na mkoromo. Spika yenye tundu la hewa kiwandani hiki kipimo hakihusu.

MPIRA WA PEMBENI

Ule mviringo unaounganisha koni na fremu ndio ugonjwa mkubwa wa spika za umri huu. Kama ni wa sponji, huoza wenyewe hata kama spika haijapigwa. Hewa, unyevu na mwanga vinaumaliza, na joto letu la pwani halisaidii. Gusa kwa kidole polepole. Ukibaki na unga mweusi au uchafu unaonata, umekwisha. Wa mpira wenyewe hudumu zaidi ingawa hukakamaa, na wa kitambaa ndio wenye maisha marefu kuliko yote.

Sponji ikichanika, koni inakosa kitu cha kuishika katikati, inayumba, na koili iliyo chini yake inaanza kusugua chuma cha sumaku. Hapo ndipo unasikia mkwaruzo. Habari nzuri ni kwamba koili ikiwa bado nzima, unabadilisha sponji tu na wufa inarudi kazini. Hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote kwenye kibanda changu, maana mteja anadhani imekufa.

Ila ifanye kwa adabu. Usiagize sponji kwa kusema "inchi 10" tu. Pima upana wa koni, pima fremu ndani na nje, pima na upana wa ule mgongo wa sponji yenyewe. Safisha gundi yote ya zamani kwa spiriti. Gundisha kwenye koni kwanza, acha ikauke, ndipo uende kwenye fremu, na wakati gundi ya fremu bado mbichi piga mlio wa hezi 30 kwa sauti ndogo sana huku unasogeza koni hadi mkwaruzo upotee. Kisha iache siku nzima. Mteja anakupigia simu, mwache apige.

Nimeona mafundi wanakata tyubu ya baiskeli na kubandika kwa gundi ya viatu. Itatoa sauti, sikatai, lakini ni nzito na ngumu, besi yote inapotea na baada ya miezi inavuta koni upande mmoja. Supa gluu kwenye koni ya karatasi ndiyo kabisa usiguse. Inakauka kama kioo, inapasuka, na ule ufa wenyewe unaanza kukoroma.

KOILI, NA VIDUDE VINGINE

Kupima koili inayosugua, zima kila kitu. Weka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka ile kofia ya katikati, kwa umbali sawa, sukuma ndani taratibu huku sikio likiwa karibu. Ikiwa kimya, nzuri. Ukisikia kama msasa, koili inasugua. Sukuma sawasawa pande zote, kwa sababu ukisukuma upande mmoja hata wufa mpya itasugua na wewe utamwambia mtu uongo kama mimi.

Mita inasaidia kidogo hapa. Spika ya omu 8 itakusomea kama 6 hivi, hiyo ni kawaida, isikutishe. Ikikaa kimya kabisa, waya umekatika. Lakini koili inayosugua inaweza kusoma vizuri tu, kwa hiyo usimwambie mteja "nimeipima ni nzima" kwa mita peke yake.

Wufa iliyokaa wima miaka 40 wakati mwingine koni yake imeshuka kidogo kwa uzito. Kabla ya kuitangaza imekufa, ifungue, izungushe nusu mzunguko, iliyokuwa juu iwe chini, ifunge tena. Nimeponya nyingi kwa njia hiyo na sikununua hata skrubu. Angalia pia zile nyaya laini za kusuka zinazotoka kwenye koni, zikilegea zinapiga koni yenyewe na kutoa mlio wa kama nzi. Na kofia ya katikati ikibanduka upande, tone moja la gundi nyeupe limeisha hilo.

Kepasita za krosova zilizochoka zinafanya twita iwe hafifu au kali, ni nadra kuleta mkoromo wa besi. Ukizibadilisha weka zisizo na chanya na hasi. Zile za kawaida za redio hapo si mahali pake.

KWA WANAONUNUA KWENYE KONTENA

Kule hakuna umeme na muuzaji ana haraka. Nenda na mita, tochi na betri ndogo ya volti 1.5. Toa uso wa kitambaa, akikataa ondoka. Gusa sponji. Sukuma koni. Gusisha betri kwenye vituo vya nyuma kwa sekunde moja, koni iruke na utoe "tup" safi, ukisikia "krap" unajua. Usiigusishe moja kwa moja kwenye twita. JBL za zamani koni huingia ndani unapoweka chanya kwenye nyekundu, ndivyo zilivyotengenezwa, usizikimbie.

Angalia pembe za boksi. Pembe iliyobondeka maana yake ilianguka, na spika iliyoanguka sumaku inaweza kuwa imehama. Sponji iliyooza hainitishi, naitumia kushusha bei. Sumaku iliyohama naiacha hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu kuirudisha katikati si kazi ya kibandani.

Na ukifika nyumbani, kabla hujaunga spika yako nzuri kwenye amplifaya usiyoijua, pima kwanza umeme wa DC kwenye vituo vyake vya spika, muziki ukiwa umezimwa na spika hazijaungwa. Milivolti kumi, ishirini, thelathini, sawa. Ukisoma volti nzima, usiunge kitu. Amplifaya ya namna hiyo inasukuma koni na kuishikilia upande mmoja hadi koili inaungua.

NILIVYOMALIZANA NA MZEE

Zile 85,000 nilimrudishia, kwa awamu mbili maana sikuwa nazo. Rilei nilimfungia bure. Lakini ile wufa haikurudi. Nilimfuata kijana wa vyuma, akasema mzigo umeshaondoka.

Ilinichukua miezi saba kuipata nyingine ya aina ile ile. Niliikuta Gerezani, kwenye rundo, imevunjwa kutoka kwenye boksi lake, sponji imekwisha yote. Niliinunua 25,000, nikaifanyia sponji mpya, nikaiacha ikauke siku mbili badala ya moja. Tangu hapo kila kifaa ninachokitoa kwenye mali ya mteja nakiweka kwenye mfuko, naandika jina, namrudishia mkononi hata kama ni takataka. Na kwenye risiti naandika kipimo nilichofanya, siyo bei peke yake. Kukagua natoza 5,000, naikata kwenye bili kama kazi ikifanyika.

Siku niliyompelekea alinikaribisha chai. Nikafunga wufa, nikakaza skrubu, nikanyoosha mkono niwashe. Akanizuia.

"Kwanza hamisha waya," akasema. Nikahamisha. Akakaa kwenye kiti chake akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akaniambia nirudishe zilivyokuwa.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaandika kuhusu kupanga bei ya spika iliyofanyiwa sponji mpya, maana wengi mnaiuza kwa hasara.